Tumbusi wa Bibi Leonora

Tone la kunde lilizama.

Satta alilitazama likishuka hadi chini ya bakuli la maji, taratibu, kama mtu anayeketi baada ya safari ndefu. Akashika mwiko tena. Kunde zilizosagwa za akara, zile bajia alizokuwa akiuza, zikipigwa vya kutosha hushika hewa, na tone lake huelea. Hivyo ndivyo alivyozipima kila asubuhi ya utu uzima wake. Leo alikuwa amezipiga tangu kabla ya mapambazuko, mkono wa kulia ukilegea anahamia wa kushoto, na bado zilikuwa nzito kama udongo wa mfinyanzi.

"Msinifanyie hivi," aliziambia. "Si leo."

"Siku hizi unaongea na kunde, Dada Satta?"

Dele alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la uani, amevaa shati la kitambaa cha ukoo, kile cha zambarau walichoshona wote kwa ajili ya siku hii. Satta naye alikuwa amepewa kipande chake. Kilitosha kilemba.

"Afadhali kunde," alisema. "Zenyewe zinanisikiliza."

Dele akacheka. Alikuwa mwanamume wa makamo sasa, mwenye kitambi cha Marekani na miwani ya bei, lakini kicheko kilikuwa kilekile cha mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni na Satta kwenda kuoga. "Chakula kitawahi? Yule mnunuzi anapita jioni kuchukua jibu."

"Chakula cha wafu hakikimbizwi, Dele."

"Sikimbizi. Nauliza." Aliweka kidole kwenye ubao wa ukuta, juu ya msingi wa mawe mekundu, akausukuma. Kidole kikaingia. Vumbi la mchwa likamwagika juu ya kiatu chake. "Umeona? Nyumba hii inasimama kwa mazoea tu. Ikikuangukia usiku, mimi nitasema nini?"

"Utasema ilianguka."

"Dada Satta, acha mzaha. Nitakutafutia chumba. Kule Waterloo, nje ya mji, cha matofali, chenye bomba ndani."

"Na akara nitamkaangia nani Waterloo?"

"Kwani watu wa Waterloo hawali?"

Satta alidondosha tone jingine majini. Likayumba, likafikiri, likazama.

Ilikuwa siku ya arobaini tangu Bibi Leonora Nicol azikwe, na ukoo ulikuwa umekusanyika kumfanyia awujo. Wangempikia alivyovipenda, wangemmiminia shimoni uani, na tumbusi wangeshuka kula kwa niaba yake. Kisha wangegawana kilichobaki. Hivyo walifanya Wakrio wote wa Freetown, wazao wa watumwa waliokombolewa, kwa wafu wao, Jumapili wakiwa kanisani na siku ya arobaini wakiwa shimoni, na hawakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Ila safari hii palikuwa na swali. Dele alitaka kuiuza nyumba kwa mtu atakayeibomoa na kujenga ghorofa. Dada yake Oredola alisita. Baba yao mdogo, Mzee Sylvanus, ndugu wa pekee wa marehemu aliyebaki, alikuwa amekata shauri: mwenye nyumba aulizwe mwenyewe. Tumbusi wakila, ameridhia. Wasipokula, hakuna kuuza.

Kwa hiyo tangu jana Satta alikuwa akipika, kwa mikono yake mwenyewe, chakula ambacho kikipendwa kingemtoa nje.

Alikuwa na chumba kimoja chini ya ngazi, chenye dirisha la kutazama uani, na meza yake ya akara mbele ya nyumba, ambapo makarani walisimama kila asubuhi wakielekea kazini. Hakuwa Nicol. Baba yake alikuwa amemleta kutoka nchi ya Wamende akiwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele, akamwachia Bibi Leonora alelewe mjini, kama walivyolelewa watoto wengi wa bara: shule kidogo, kazi nyingi, na mahali pa kulala. Baba hakurudi. Satta hakuondoka. Alimwogesha Bibi miaka ile ya mwisho, akamlisha, akamsomea Zaburi akikosea na Bibi akimsahihisha kwa macho yaliyofumbwa. Na mwezi ule wa mwisho Bibi alimshika kifundo cha mkono akasema, "Satta, humu utatoka ukiwa umebebwa." Lakini walikuwa wawili tu chumbani, na mmoja wao sasa alikuwa kaburini.

Alimwambia nani? Hakumwambia yeyote. Mtu akisema marehemu ameniachia, na shahidi ni yeye mwenyewe, watu humtazama mikono.

Tone jingine. Likazama hadi katikati ya bakuli, likasimama hapo, kisha likapanda.

Satta akashusha pumzi. Akabandika mafuta ya mawese.

*

Hakuonja. Chakula cha wafu hakionjwi kabla hawajakula wao, kwa hiyo chumvi aliipima kwa vidole na pilipili kwa pua. Akara, ndizi mbivu za kukaanga, viazi vitamu, olele za kunde zilizochemshwa ndani ya majani, kuku, na sufuria kubwa ya kunde zenye mawese ambazo Bibi Leonora angeziuzia roho yake. Alivipanga kwenye sinia, kidogo kidogo vya kila aina, akafunika kwa kitambaa cheupe.

Uani ukoo ulikuwa umejipanga kuzunguka shimo. Lilikuwa dogo, pana kama beseni la kunawia, na lilifukuliwa palepale ambapo lilifukuliwa kwa mama yake Bibi, na kwa bibi yake. Dele alikuwa amemwaga saruji ua mzima mwaka juzi kwa ajili ya matope ya masika, lakini hata yeye hakuthubutu kupafunika hapo. Pembeni mwa ua, juu ya paa la mabati yenye kutu, hapakuwa na ndege hata mmoja.

Satta aliliona hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Mzee Sylvanus aliegemeza fimbo yake ukutani, akavua kofia, akamimina maji shimoni, kisha ramu. Ramu aliimimina kwa uchungu.

"Mama wa kwanza," aliita, "wewe ambaye jina lako la kwenu lilibaki baharini. Ulishushwa kwenye meli ya watumwa iliyokamatwa, ukapita Lango la Mfalme ukiwa na namba badala ya jina, ukapewa gauni na kijiko. Njoo ule. Thomas, mumewe, seremala wa meli, uliyeijenga nyumba hii kama meli iliyokosa maji. Njoo ule. Josiah, uliyepiga kinanda kanisa la Maroon mpaka vidole vikapinda. Clarice, uliyeuza vitambaa soko la King Jimmy na hukumkopesha mtu. Njooni. Eben, kaka yetu, baba yao hawa. Njoo. Na wewe, Leonora, dada yangu, uliyekuwa ukinichapa. Njoo ule. Meza ni yako."

Kila mmoja alipita, akachota kwa mkono wa kulia, akaangusha chakula shimoni, akasema lake. Oredola, mwalimu mkuu mwenye sauti ya kunyamazisha mabweni, alisema kwa kunong'ona hata hakusikika. Dele alichuchumaa.

"Shangazi," alisema, "unajua sina nia mbaya. Nyumba imeoza. Naomba ruhusa tuiuze. Ukila, nimeelewa."

Satta alishika sinia. Kazi yake ilikuwa kushika sinia. Mlelewa hasemi shimoni. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Walirudi nyuma hadi ukutani, wakawaachia wafu nafasi. Wakangoja.

*

Jua lilipanda juu ya kilima cha Tower Hill, likasimama vichwani mwao. Mawese yakaanza kuganda kwenye kingo za shimo. Nzi walikuja, wakala bila kuulizwa. Kutoka vyumbani harufu ya kuku aliyefunikwa ilipita mbele ya pua za watu ambao hawakuwa wamekula tangu jana, na hakuna ambaye angekula kabla ya ndege.

"Zamani," alisema Mzee Sylvanus, "ungemaliza kusema amina ukakuta wamekwisha shuka. Walikuwa wanatusukuma."

"Zamani Msufi ulikuwepo," alisema Oredola.

Wote wakatazama upande ule, kwa mazoea. Kutoka dirisha la juu la nyumba hii uliweza kuuona Msufi Mkuu katikati ya mji, mti uliokuwepo kabla ya mji wenyewe, ambao watu huru wa kwanza walisali chini yake walipotoka ng'ambo. Ulianguka usiku mmoja wa tufani. Kulipopambazuka Bibi Leonora aliomba aketishwe dirishani, akatazama kisiki kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hata huyu amenitangulia," akaomba chai. Popo walitawanyika, na tumbusi waliokuwa wakitua huko nao wakatafuta kwingine. Watatu walihamia juu ya bati la nyumba hii. Mmoja alikuwa na kidole cha mguu kilichopinda. Bibi alimwita Josiah, kwa sababu ya kinanda.

Nje ya uzio sauti ya kijana ilisikika. Alikuwa mwongoza watalii, na nyuma yake wazungu wawili wenye kofia pana.

"Na hii ni nyumba ya mbao ya walowezi," alikuwa akisema, "zimebaki chache sana. Pigeni picha hii, wageni wangu, mwakani hamtaikuta. Imeshauzwa."

"Nani kakwambia imeuzwa?" alifoka Mzee Sylvanus.

Kijana akashtuka, akachungulia juu ya uzio. "Samahani, mzee. Mjini wanasema."

"Mjini waambie wanyamaze! Tupo kwenye maombi hapa. Na hao wageni wako kama wana biskuti, walete."

Watu walicheka, kicheko cha njaa. Satta hakucheka. Alitazama dirisha lake chini ya ngazi, pazia lake la maua, kopo lake la bizari kwenye kizingiti. Kisha akatazama paa.

Paa lilikuwa tupu, na yeye alijua kwa nini.

Kila asubuhi, akishapasua samaki wa mchuzi, Satta hugonga kisu mara chache kwenye ukingo wa beseni la bati, na tumbusi watatu hushuka kula matumbo na vichwa. Leo alfajiri, kabla watu hawajaamka, alikuwa amepasua samaki. Wengi. Zaidi ya walivyohitajika. Alikuwa amegonga beseni taratibu, amewamwagia nyuma ya jiko vichwa, matumbo, na ini la kuku juu yake, akawatazama wakila mpaka wakashindwa kufunga midomo. Wakati ule alijiambia ni mazoea tu. Alijiambia hivyo mara nyingi, huku akizipiga kunde.

Sasa walikuwa wamelala mahali fulani kwenye miti ya mlimani, matumbo yamewajaa. Na Bibi Leonora alikuwa ameitwa mezani kwake, na nduguze wote wamesimama, na meza ilikuwa inapoa.

Hakuwahi kumwacha Bibi angoje chakula. Hata ile siku ya tufani.

"Hawaji," alisema Dele, akijifuta jasho. "Hakuna tumbusi tena mjini hapa. Wanawindwa, wanauzwa kwa waganga. Kwa hiyo tufanyeje? Ndege wameisha, basi wafu wetu ndio hawawezi tena kusema ndiyo?"

"Au amesema hapana," alisema Oredola.

"Hapana ni hapana, Ore. Hiki ni kimya." Akageuka. "Dada Satta. Wewe unawalisha ndege hawa. Nimekuona juzi, na beseni lako. Unaweza kuwaita?"

Nyuso zote zikamgeukia. Akaibana sinia kifuani.

"Naweza," alisema.

"Basi waite."

"Dele, mwache," alisema Oredola. "Huoni unamtaka afanye nini?"

"Namtaka awaite ndege. Nini kingine?" Lakini sauti yake ilishuka, kwa sababu hapo ndipo alipoona. Akaitazama saruji. "Sikumaanisha hivyo."

"Nimewalisha," alisema Satta.

Mzee Sylvanus aliinua uso. "Nini?"

"Tumbusi. Nimewalisha asubuhi."

"Asubuhi ya leo? Ya awujo?"

"Ya leo. Mpaka wakashiba."

Shangazi mmoja wa mbali akasonya. Mwingine akasema, si kwa sauti ya chini sana, "Si nilisema? Damu ya watu baki." Satta alihisi kilemba cha zambarau kikimbana kichwa kama mkono. Alingoja Mzee Sylvanus aseme neno. Mzee alikuwa akiitazama fimbo yake ukutani, kama anayetamani kuishika.

Satta hakungoja tena. Aliweka sinia chini, akaingia jikoni, akatoka na beseni na kisu.

"Hawatashuka," alisema Dele. Alisema kwa upole. "Wameshiba, Dada. Acha."

Satta alienda hadi ukingoni mwa shimo, mahali ambapo walelewa hawasimami. Hakuna aliyemzuia. Aliinamisha beseni, akagonga. Bati lililia uani, likagonga ukuta wa mbao, likarudi. Akangoja. Akagonga tena. Angani hapakuwa na kitu ila joto.

Kisha akasema, si kwa sauti ya kuomba, bali ile ya kila siku ya kuita kutoka chini ya ngazi, ile aliyoitumia tangu akiwa msichana wa kutumwa:

"Bibi! Chakula tayari."

Akagonga.

"Bibi, kinapoa."

Akaendelea kugonga tu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na anajua wenyewe wamo ndani.

Kivuli kilipita juu ya saruji.

Hakuna aliyeinua kichwa, waliogopa. Kucha zikakwaruza bati. Tumbusi alitembea juu ya paa kwa mwendo wake wa kizee, kidole kilichopinda kikigonga kila hatua, akafika ukingoni, akainamisha kichwa chake chenye upara wa waridi, akawatazama wote. Koo lake lilikuwa bado limevimba kwa shibe ya asubuhi.

Satta aliweka kisu ndani ya beseni, na beseni chini, akarudi nyuma hatua kadhaa. Akaficha mikono mgongoni, ili ndege asiifuate.

Josiah akashuka. Alitua kwa uzito, akajikung'uta, akatazama jiko. Akatazama mlango wa chini ya ngazi. Kisha akarukaruka hadi shimoni, akatumbukiza kichwa, akatoka na akara. Akaimeza. Akatumbukiza tena.

"Anakula," alinong'ona Oredola. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Tumboni hana nafasi, na anakula."

Dele alivua miwani. Alipaswa kufurahi, na alionekana kama mtu aliyepokea mzigo wa mtu mwingine kwa makosa. "Basi," alisema, akikohoa. "Basi amekula. Baba Mdogo, tupa kola tumalize."

Mzee Sylvanus alikuwa ameshatoa kola mfukoni, vipande vyekundu na vyeupe vya njugu ambavyo huthibitisha jibu la wafu, akavipimapima kiganjani. Hakuvitupa.

"Amekula kwa wito wa nani?" aliuliza.

"Vipi?"

"Wewe uliuliza asubuhi. Ukasema, ukila nimeelewa. Tumekaa hapa jua likatukaanga kama ndizi. Alikuja?"

"Hakuja, lakini..."

"Hakuja. Amekuja sasa. Nani kamwita?" Mzee alielekeza kidevu, bila kumtazama Satta machoni, maana bado alikuwa amemkasirikia. "Huyu. Aliyemshibisha ndege, Mungu amsamehe. Na alipomwita, alimuuliza nini? Alimwambia kinapoa. Ndiyo hivyo tu. Na Leonora kajibu alichoulizwa."

"Baba Mdogo, huo ni ujanja wa mahakamani."

"Nimefanya kazi forodhani maisha yangu yote, mwanangu. Mzigo hupewa aliyeutaja." Akavirudisha vipande vya kola mfukoni. "Lako bado halijajibiwa. Mwambie mnunuzi wako hivyo. Kama atataka kungoja mpaka awujo ya mwaka, angoje. Sasa jamani, nileteeni hizo kunde kabla hamjanichimbia na mimi la kwangu."

Watu wakaanza kusogea, viti vikakokotwa, vifuniko vikafunuliwa, na ghafla kila mtu alikuwa akisema kwa wakati mmoja. Yule shangazi wa mbali aliomba akara tatu. Dele alibaki pale alipokuwa. Baada ya muda alikwenda ukutani, kwenye ubao ule alioutoboa, akachuchumaa, akaanza kukwangua unga wa mchwa kwa ukucha wa kidole gumba, kutafuta mahali mbao nzima inapoanzia.

Oredola alimletea Satta sahani. Ilikuwa ya kwanza kupakuliwa. Aliiweka mikononi mwake, akamrekebishia kilemba kilichokuwa kimelegea, akaenda zake.

Satta alionja kunde. Chumvi ilikuwa imepungua. Kidogo tu, lakini Bibi angesema.

Kwa desturi, ndege akishaondoka shimo hufukiwa. Sepeto ilikuwa imeegemezwa tayari kwenye ngazi. Lakini wenzake wawili walikuwa wameshatua, wakala wakaondoka, na Josiah hakuondoka. Alisimama kwenye ukingo wa shimo, mabawa yamelegea kwa joto, akara moja imebaki chini mbele yake. Haikuonekana kama ana nia ya kuila. Haikuonekana kama ana nia ya kuiacha. Satta alikaa kwenye kizingiti chake, sahani magotini, akimtazama, maana swali la Dele lilikuwa bado linangoja jibu, na kila ndege alipogeuza kichwa kuelekea nyumba, kijiko chake kilisimama hewani.